Watafiti wa Ubongo Watoke Pemba

Mwaka 2001 jarida la kitabibu la BMJ lilichapisha utafiti uliofanywa Pemba kwa watoto 614 wasiofikia umri wa skuli. Kwa mwaka mzima baadhi yao walipewa dawa ya madini ya chuma kila siku, wengine dawa ya minyoo, wengine zote mbili. Waliopata chuma waliendelea zaidi katika kusema kuliko wenzao. Wale waliokuwa na upungufu mkubwa wa damu walisonga mbele hata katika kutumia viungo vyao.

Damu na maneno vinahusiana vipi? Minyoo ya safura hung'ang'ania utumboni ikifyonza damu, na damu ikipotea chuma nacho hupotea. Ubongo hauwezi kukikosa. Kimeng'enya kinachoanzisha utengenezaji wa dopamini hakifanyi kazi bila chuma, na seli zinazozivika nyuzi za neva ala ya mafuta, ile inayoharakisha ishara, nazo hukitegemea. Ila chuma si cha kugawa ovyo: jaribio jingine la Pemba, lililotoka katika jarida la Lancet mwaka 2006 na kuhusisha watoto zaidi ya 24,000, lilionesha kwamba penye malaria nyingi, kuwapa wote bila kuwapima kuliongeza kulazwa na vifo. Shirika la Afya Duniani likabadili ushauri wake.

Kisiwa hiki, basi, kimeshaifundisha dunia. Wazanzibari wamo miongoni mwa waandishi wa utafiti ule wa 2006, na Maabara ya Afya ya Jamii Ivo de Carneri ipo Wawi tangu 2000. Hata hivyo kijana wa Micheweni anayependa baiolojia hana shahada ya sayansi ya neva ya kusomea kisiwani. Akifaulu vizuri, ukoo mzima humwambia awe daktari. Sina ugomvi na madaktari, ila daktari hutibu kwa majibu ambayo mtafiti ameshayatafuta. Na nani atajua namna ya kupima usemi wa mtoto wa Kipemba kuliko aliyelelewa na mama wa Kipemba?

Kilifi, Kenya, ng'ambo ya kaskazini, Profesa Amina Abubakar alishiriki kuunda vipimo vya makuzi vinavyolingana na maisha ya watoto wa pale, na mwaka 2016 akapata tuzo ya Royal Society Pfizer. Uganda nako, mwaka 2011, Sadiq Yusuf, Lucia Prieto-Godino na Tom Baden walianzisha mafunzo ya sayansi ya neva mjini Ishaka kupitia shirika la TReND. Walifundisha kwa nzi wa matunda. Mdudu huyu hana gharama, ubongo wake una seli za neva zipatazo 140,000, na takriban robo tatu ya jeni zinazohusishwa na maradhi ya binadamu anazo zinazofanana nazo. Msimu wa maembe Pemba, wala huhitaji kumtafuta.

Kinachokosekana ni daraja. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA), kampasi ya Mchangamdogo, wapokewe Wawi wakati wa likizo, wafundishwe kuchambua takwimu na kuuliza maswali yao wenyewe, si kubeba madodoso ya wengine tu. Bodi ya mikopo iitazame sayansi ya neva kama inavyoutazama udaktari. Na wewe mwalimu wa baiolojia, usisubiri bajeti: chukua chupa, ndizi mbivu na ile hadubini iliyofungiwa kabatini, uanze na darasa lako wiki hii.