USALAMA NA AFYA: USO UNAOWAKA MBELE YA WATU

Ndugu mfanyakazi, je, jambo hili limekwisha kukupata? Asubuhi, mbele ya kuanza kazi, kapita anakusanya ekipi. Anakuuliza: «Jana uliona nini kwa nafasi yako?» Mara moja uso unawaka kama umesimama karibu na tanuru. Jasho linatoka, moyo unapiga mbio, sauti inatetemeka. Unajibu tu: «Hakuna kitu, shefu.» Lakini jana uliona jiwe la juu limepasuka, ao waya wa umeme umechubuka. Haya imefunga kinywa chako, na mwenzako anakwenda kufanya kazi chini ya jiwe lile.

Joto hili linatoka wapi?

Chini ya ngozi ya uso kuna mishipa midogo mingi ya damu. Mtu akijua kwamba wengine wanamtazama, mishipa ya fahamu inaifungua mishipa hiyo ya damu bila kungoja ruhusa yake. Damu nyingi inapita, uso unapata joto. Kwa mtu mweupe uso unageuka mwekundu. Kwa ngozi nyeusi rangi haionekani sana, lakini joto ni lile lile. Mtaalamu wa Uingereza, Charles Darwin, aliandika sura nzima juu ya jambo hili katika kitabu chake cha mwaka 1872. Alieleza kwamba watu wa rangi zote wanapatwa nalo, na kwamba linaletwa zaidi na mtu kufikiri namna wengine wanavyomwona.

Basi ni kazi ya mwili. Si ulozi, wala si alama ya kwamba mtu anasema uwongo.

Namna woga unavyokomaa

Kila mtu ana haya kidogo. Matata yanaanza pale mtu anapoogopa joto lenyewe. Anawaza: «Uso utawaka tena, watanicheka.» Kwa kuwaza hivyo anajichunguza, na kwa kujichunguza joto linaongezeka. Kisha anajificha: anasimama nyuma ya wengine, anashusha kaske juu ya macho, anakataa kuwa kapita, hata kwa mkutano wa wazazi anatuma bibi yake peke yake. Siku ile anapata nafuu, lakini woga unanenepa, kwa sababu hapati nafasi ya kuona kwamba angesema na hakuna kibaya kingempata.

Ufanye nini?

1. Usipigane na joto. Ukilikataza, linazidi. Mganga Viktor Frankl wa Vienna (1905–1997) alieleza habari ya mganga kijana aliyeogopa kutoka jasho mbele ya watu. Alimshauri aazimie kuwaonyesha watu jasho jingi kabisa. Kijana alipoacha kulikimbia, woga ulimtoka. Wewe pia useme moyoni: «Haya, uso, waka unavyotaka. Mimi nitasema neno langu.»

2. Peleka macho na masikio nje. Usisikilize mashavu yako. Mtazame unayesema naye, usikilize maneno yake, fikiri juu ya ile waya ao lile jiwe.

3. Anza na kidogo. Leo, salimia kwa sauti watu wa ekipi nyingine. Kisha uliza swali moja kwa kapita. Kisha toa habari moja mbele ya ekipi. Rudia kila hatua mara nyingi mpaka woga upungue, ndipo upande ya pili.

4. Acha maficho. Inua kaske, inua kichwa, usiharakishe maneno. Hata ukitetemeka, maliza.

5. Usitafute ujasiri kwa pombe. Lutuku inatuliza woga saa moja, kesho woga unarudi na deni juu. Tena, mlevi shimoni ao karibu na mashine ni hatari kwa wote. Usimeze pia dawa za kutuliza moyo unazopewa na rafiki: nyingine zinaweza kuziba pumzi ya mwenye pumu.

6. Woga ukikuzuia kazi ao kuishi na watu, nenda kwa mganga. Yako matibabu ya mazungumzo na mazoezi yanayosaidia wengi, na dawa pia kwa wengine. Mwambie mganga wazi. Yeye amekwisha kusikia mengi.

Angalisho: joto lenye homa linaweza kuwa malaria. Na mtu akipata joto kali kazini pamoja na kizunguzungu, kutapika ao maneno ya kuchanganyikiwa, hiyo si haya. Mtoe mara moja kwa nafasi yenye baridi, mmwagie maji, mwite infirmiye bila kukawia.

Kwako kapita

Usimcheke anayetetemeka, wala usiseme mbele ya wote: «Angalieni uso wake!» Mpe nafasi ya kukueleza pembeni kwanza. Akileta habari ya hatari, mshukuru mbele ya ekipi. Wengine watajifunza kusema.

Ndugu mfanyakazi, uso ukiwaka, kisha kitambo unapoa. Jiwe likianguka halirudi juu. Ukiona hatari, sema!