Dang'a ni Haki ya Ndama



Wengi wetu hapa Butare, wilaya ya Rusizi, tunaishi kwa mshahara na jembe, na baadhi yetu tuna ng'ombe mmoja nyumbani. Tangu mwaka 2006 mpango wa Girinka umegawa ng'ombe kwa jamaa maskini wa Rwanda. Sharti lake tunalijua: ndama jike wa kwanza hupewa jirani. Basi ndama huyo akifa, hasara si ya nyumba moja. Jirani naye amekosa maziwa na mbolea.

Ndama wachanga huuawa sana na kuhara na nimonia. Kinga ya kwanza haiuzwi dukani. Ni maziwa ya dang'a, yale mazito ya manjano ambayo Kinyarwanda huitwa umuhondo. Mtoto wa binadamu hupewa sehemu ya kinga akiwa tumboni, lakini ndama huzaliwa bila kinga hiyo. Hana budi kuipata katika dang'a. Utumbo wake huipokea vizuri saa chache za mwanzo, kisha uwezo huo hupungua, na baada ya saa 24 umekwisha.

Kwa hiyo tufanye hivi:

Ndama wa kilo 30 anywe lita 3 katika saa 6 za kwanza. Asiyeweza kunyonya anyweshwe kwa chupa safi.

Apewe dang'a ya mkamuo wa kwanza, kwani ya mkamuo wa pili ina kinga pungufu.

Ng'ombe mwenye mimba aachwe kukamuliwa siku 60 kabla ya kuzaa, alishwe vizuri na apate chanjo. Dang'a bora huanzia hapo.

Kitovu cha ndama kipakwe iodini, na alale mahali pakavu.

Taabu yetu ni saa za kazi. Ng'ombe huweza kuzaa alfajiri, mwenyewe yuko njiani kwenda kuchuma chai, na nyumbani wamebaki watoto. Akirudi jioni, saa zile bora zimepita. Basi mwenzetu ambaye ng'ombe wake amekaribia kuzaa amwambie jirani mapema, hasa yule anayemngojea ndama. Amwonyeshe chupa ilipo na kiasi cha kunywesha. Zamu tunazijua kiwandani na shambani. Tuziweke na zizini.

Umoja ni nguvu.