Umenunua programu, au umeikodi?

KIJANA mmoja mwenye sayba mtaani Kaloleni, Nairobi, alinipokea juzi kwa malalamiko. "Mwalimu, hii programu nilinunua na pesa yangu. Sasa imenifungia nje. Kwani sheria iko wapi?"

Watu wa mtaa humwendea kuandikiwa wasifukazi na kutumiwa maombi ya kazi mtandaoni. Programu yenyewe ilikuwa ikimwekea hesabu, orodha ya wateja, madeni na nakala za stakabadhi zao. Alilipa Januari mwaka jana. Mwaka ulipokwisha, ikafunga na kila kitu kikiwa ndani. Wakati tunazungumza, mama mmoja alikuwa ameketi pale akisubiri wasifukazi wa mwanawe. Maombi yalikuwa yanafungwa saa sita usiku huo.

Nilimuuliza kijana swali lililomkera: "Uliinunua, au uliikodi?"

Kitenzi 'kununua' kina maana nzito, ndugu msomaji. Ukinunua sufuria Gikomba, sufuria ni yako. Waweza kuiuza, kuigawa au kuirithisha, na muuzaji hana la kukuambia. Programu nyingi za biashara siku hizi haziuzwi hivyo. Kinachouzwa ni leseni, yaani ruhusa ya kutumia, na aghalabu ruhusa hiyo ina muda. Mwaka 2013 kampuni ya Adobe ilitangaza kwamba matoleo mapya ya programu zake za usanifu yangepatikana kwa malipo ya mara kwa mara, na kampuni nyingi zimeshika njia hiyo hiyo. Isitoshe, Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 huziweka programu za kompyuta katika kundi moja na riwaya na tamthilia, yaani kazi za maandishi. (Sisi walimu wa fasihi tuna jamaa wengi kuliko tulivyodhani.) Mwenye nakala ya riwaya anamiliki karatasi, hakumiliki haki ya kuichapisha upya.

Ajabu ni kwamba mkazi wa Kaloleni ndiye angepaswa kulielewa jambo hili upesi kuliko wote. Nyumba za mtaa huu zilijengwa miaka ya 1940 kwa ajili ya wafanyakazi Waafrika, na mwenye nyumba akawa ni serikali ya jiji. Zipo familia zilizoishi humo vizazi vitatu, na husema 'kwetu Kaloleni' bila kukosea hata kidogo. Lakini sijasikia mtu akisema amenunua nyumba kwa sababu tu amelipa kodi ya mwezi. Kodi ni kodi. Na nomino hiyo ina undugu na kitenzi 'kukodi'.

Hapa pana kosa ambalo nimelisahihisha madarasani hadi nimechoka. Wazungumzaji wengi wa Kenya husema 'nimekodisha gari' wakimaanisha wamelichukua kwa malipo. Sivyo. Anayelichukua anakodi, mwenye gari ndiye anayekodisha. Vivyo hivyo mpangaji hupanga nyumba, naye mwenye nyumba huipangisha. Kwenye maongezi ya matatu hakuna atakayeumia. Kwenye mkataba, ofisi inayoandika kwamba 'imekodisha programu ya mishahara' imejiita mwenye mali. Programu ikiharibika, nani atawajibika?

Tukishakubali kwamba mwenye sayba ni mpangaji, swali la pili linajileta lenyewe. Mpangaji akihama hubeba vyombo vyake. Nyumba si yake, lakini kitanda na sufuria ni zake. Rekodi ndizo vyombo. Kabla ya kulipa shilingi ya kwanza, muulize mwenye programu: nikihama, vyombo vyangu vitatoka vipi? Vitatoka kama jedwali linaloweza kufunguliwa na programu nyingine, au kama rundo la picha? Na nitapewa siku ngapi baada ya leseni kuisha? Kijana hakuuliza.

Tena si vyombo vyote vilivyokuwa vyake. Orodha ya madeni, sawa. Wasifukazi ni wa watu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inampa mtu haki ya kujua habari zake zinazowekwa na wengine, kuzisahihisha na hata kuomba zifutwe. Zamani Nairobi ilisemwa fulani 'ameandikwa kazi', kwa kuwa karani aliliandika jina lake daftarini hasa. Ofisi za Tanzania bado huiita 'masjala' idara inayotunza majalada, neno lenye asili moja na 'sajili'. Sioni kwa nini tusiseme 'masjala ya kielektroniki'. Karani wa masjala alijua kwamba faili analotunza ni la mwingine, na aliulizwa lilipopotea. Mwenye sayba naye ni karani wa namna hiyo.

Mwishowe alilipia mwezi mmoja zaidi, mlango ukafunguka, akaanza kuhamisha faili moja moja. Wa mwana wa yule mama ulipatikana mapema. Alikuwa pia ameandaa tangazo la kubandika ukutani: 'Wateja wetu, tumekodisha programu mpya.' Akaniomba nilitazame. Nilifuta 'sha', naye akarudi kumhudumia mama.