Mtandao Hauna Kosa

Natunza kanzidata za PostgreSQL, programu iliyoasisiwa mwaka 1986 katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, chini ya Michael Stonebraker. Lalamiko ninaloletewa mara nyingi ni hili: mfumo unakwenda vizuri, ghafla unaganda, keshia anamwambia mteja, "Subiri kidogo, mtandao unasumbua." Mimi huanza kwa kutazama diski.

Salio likibadilika, PostgreSQL haikimbilii faili la data. Hurekebisha ukurasa wa kilobaiti 8 ulioko kwenye memori na kuandika badiliko hilo kwenye logi ya miamala. Ukurasa huo sasa ni mchafu, maana faili bado lina salio la zamani. Mama lishe mzoefu huosha sahani huku anapakua. Akizirundika, wa saa saba mchana atasubiri sahani, si chakula. Hapa mwoshaji ni mwandishi wa chinichini. Huamka kila milisekunde 200 na kuandika kurasa zisizozidi 100, yaani kama megabaiti 4 kwa sekunde. Kwa seva yenye shughuli nyingi hizo ni chache mno. Akizidiwa, mchakato unaomhudumia keshia hulazimika kuandika wenyewe, huku mteja kasimama dirishani. Mwongezeeni kiwango.

Wengi hukimbilia kuongeza memori. Kweli, megabaiti 128 za shared_buffers, yaani memori ya kushikia kurasa, zinazokuja na programu hazitoshi. Robo ya RAM ni mwanzo mzuri. Ila memori kubwa hubeba uchafu mwingi, na chekipointi ikifika, kila dakika 5 au mapema zaidi logi ikikua, uchafu wote hushuka diskini. Tangu toleo la 14 la mwaka 2021, kazi hiyo hutandazwa kwenye asilimia 90 ya muda ulio kati ya chekipointi mbili. Zamani ilikuwa 50.

Seva ikionya kwamba chekipointi zinafuatana mno, msipuuze. Baada ya kila chekipointi, ukurasa unaoguswa mara ya kwanza huandikwa mzima kwenye logi. Logi inavimba, inaita chekipointi nyingine, nayo inavimbisha logi tena. Mimi hupandisha kikomo cha logi kutoka gigabaiti 1 na kuzitenganisha chekipointi kwa dakika 15. Umeme ukikatika, seva huirudia logi tangu chekipointi ya mwisho, hivyo chekipointi zikiwa mbalimbali kuamka kwake huchelewa. Penye UPS na jenereta ya kuaminika, naukubali ucheleweshaji huo bila kusita.