Hisani ya Wakristo kwa Waroma na Wasafiri wa Ulaya (2): Misheni ya Norway na Yaliyofuata

Sehemu ya kwanza ya makala haya ilieleza asili ya Waroma, watu wasio na uhusiano na Warumi walioandikiwa waraka na Mtume Paulo, bali wazao wa wahamiaji waliotoka kaskazini mwa India na kuenea Ulaya tangu karne ya 14, wakabandikwa jina la Jipsi kwa kuwa wenyeji walidhani wametoka Misri. Iligusia pia Wasafiri wa Ireland, ambao si Waroma bali ni watu wa Ireland yenyewe, wenye lugha yao na desturi ya kuhamahama iliyokwenda sambamba na ufundi wa bati na biashara ya farasi. Sehemu hii inawageukia Wakristo waliojitolea kuwasaidia, na jambo linalojitokeza mapema katika historia hiyo ni kwamba madhara waliyoyapata watu hawa hayakutoka kwa maadui zao peke yao.

Kabla ya hisani kulikuwa na utumwa. Katika Wallachia na Moldavia, nchi ambazo leo sehemu yake kubwa imo ndani ya Romania, Waroma walimilikiwa na watawala, makabaila na nyumba za watawa. Hati ya mwaka 1385 inathibitisha kwamba monasteri ya Tismana ilikuwa na familia 40 za watumwa hao. Watumwa wa Kanisa waliachwa huru katika miaka ya 1840, na waliobaki mikononi mwa watu binafsi wakafuata mwaka 1855 na 1856. Kanisa linapotajwa kuwa mfadhili wa Waroma, ni haki kukumbuka kwamba liliwahi kuwa bwana wao.

Nchini Uingereza, ambako sheria ya mwaka 1530 iliwaamuru wale walioitwa Wamisri waondoke, juhudi za huruma zilianza kuonekana mwanzoni mwa karne ya 19. John Hoyland, muumini wa Jumuiya ya Marafiki, dhehebu lile lile lenye wafuasi wengi magharibi mwa Kenya, alichapisha mwaka 1816 kitabu kuhusu hali ya Wajipsi. Miaka michache baadaye mhubiri James Crabb na kamati yake mjini Southampton wakaanza kuwafundisha watoto kusoma na kuwatafutia vijana ufundi. Huruma yao ilikuwa ya kweli, lakini wote walichukulia kwamba kumwokoa Mjipsi ni kumtoa hemani. George Smith wa Coalville alilisukuma wazo hilo mbele zaidi katika miaka ya 1880, akilitaka Bunge lipitishe sheria ya kusajili magari ya makazi na kuruhusu wakaguzi kuyaingia, na miswada yake ikaanguka kwa sehemu kwa sababu wenye michezo ya maonyesho, ambao nao waliishi magarini, waliungana kuipinga.

Yaliyoshindikana Uingereza yalifanikiwa Norway. Mwaka 1897 mchungaji wa Kilutheri, Jakob Walnum, alianzisha chama cha kupambana na uzururaji, ambacho baadaye kilijulikana kama Misheni ya Norway kwa Wasio na Makazi. Waliolengwa walikuwa Watater, jamii ya Kiromani iliyokuwa imeishi nchini humo kwa karne kadhaa, ikisafiri kwa farasi na kwa mashua. Serikali ilikikabidhi chama hicho wajibu wa kuwashughulikia watu hao pamoja na fedha za umma, na kwa hiyo shirika la dini likawa mkono wa dola. Sheria iliruhusu mtoto aondolewe kwa wazazi wake pale malezi yalipohesabiwa kuwa mabaya, na kuhamahama kwenyewe kukahesabiwa kuwa dalili ya malezi mabaya. Takriban watoto 1,500 walichukuliwa, wakapelekwa katika makao ya watoto au kwa familia za walezi. Wazazi waliotaka kubaki na watoto wao walipelekwa Svanviken, kambi ya kazi iliyofunguliwa mwaka 1908, ambako familia ilifundishwa kuishi maisha ya kukaa mahali pamoja kwa tumaini la kupewa nyumba; Kiromani kilipigwa marufuku, na baadhi ya wanawake walifungwa uzazi.

Svanviken ilifungwa mwaka 1989, yaani ndani ya umri wa watu ambao bado wako hai, na mwaka 2000 Kanisa la Norway liliomba msamaha. Hakuna sababu ya kudhani kwamba walioiendesha misheni hiyo walikuwa wanafiki, kwa maana wengi wao waliamini kwa dhati kwamba wanawaokoa watoto na ufukara. Kosa lilikuwa katika muundo wenyewe: mamlaka ya kutoa msaada, kuhukumu malezi na kumchukua mtoto yaliwekwa katika mkono mmoja, na familia iliyopinga ilijikuta ikimpinga yule yule aliyekuja kuisaidia.

Ireland haikufika huko, ingawa wazo la msingi halikuwa mbali. Tume ya serikali iliyotoa ripoti mwaka 1963 iliona tatizo ni kuhamahama kwenyewe, na dawa yake ni kuwayeyusha Wasafiri ndani ya jamii ya watu wenye makazi ya kudumu. Victor Bewley, mfanyabiashara wa Dublin na muumini wa Jumuiya ya Marafiki, alishirikiana na mapadre, masista na walei kuunda kamati za kutafuta viwanja vya kambi na nafasi za shule, mara nyingi majirani wakiandamana kuwapinga, na ushujaa huo unastahili heshima hata kama lengo la kamati lilibaki kuwatuliza Wasafiri mahali pamoja. Badiliko lilikuja mwaka 1985, pale kundi la Dublin ambalo leo linaitwa Pavee Point lilipowakutanisha Wasafiri na watu wengine kudai haki badala ya kungoja fadhila, na tarehe 1 Machi 2017 serikali ikawatambua Wasafiri kuwa kabila.

Ufaransa ilichukua njia nyingine. Clément Le Cossec, mchungaji wa Kipentekoste kutoka Brittany, alianza kuwabatiza Waroma katika miaka ya 1950, na uamuzi wake mzito kuliko yote ulikuwa kuwaweka Waroma wenyewe kuwa wahubiri na wachungaji. Harakati hiyo, Vie et Lumière, yaani Uzima na Nuru, ilijiunga na Shirikisho la Waprotestanti wa Ufaransa mwaka 1975, na wengi waliokuwa hawajui kusoma walijifunza kwa ajili ya Biblia bila kutakiwa kwanza kuuza magari yao.

Nchini England, sinodi kuu ya Kanisa la Kianglikana ilipitisha mwaka 2019 azimio la kuzitaka dayosisi ziteue wachungaji wa kuwahudumia Wajipsi, Wasafiri na Waroma, na kuvitaka vyombo vya Kanisa visaidie kupatikana kwa ardhi ya kambi. Miaka 3 baadaye Bunge liliwapa polisi uwezo wa kukamata magari ya wanaopiga kambi bila kibali, na mwaka 2024 Mahakama Kuu ikaamua kwamba baadhi ya vifungu hivyo vinapingana na haki za binadamu. Katika hali hiyo chakula, nguo na hata msaada wa kujaza fomu vina manufaa ya muda tu, na Kanisa lenye ardhi nyingi litapimwa kwa viwanja litakavyovitoa. Sehemu ya tatu itaeleza hali ya Waroma wa Romania na Slovakia.