Maji unayonunua ni safi. Je, mtungi wako?

Msomaji, ikiwa unaishi Nyamarambe au sehemu nyingine yoyote ya Kisii na Nyamira, huwezi kulalamika kwamba mvua imekunyima maji. Vilima vyetu hupata mvua nyingi, chemchemi hububujika mabondeni, na Mto Gucha, ambao wengine huuita Kuja, hutiririka hadi Ziwa Victoria. Shida yetu ni usafi wa maji hayo. Watu ni wengi na mashamba ni madogo, kwa hivyo vyoo vya shimo na mazizi ya ng'ombe huwa juu ya mteremko, nazo chemchemi ziko chini. Mvua inaponyesha, husomba uchafu huo hadi mahali tunapotekea.

Ndiyo sababu watu wengi siku hizi hununua maji ya kunywa katika vituo vya kujazia mitungi. Biashara hii ilianzia miji mikubwa na kuenea hadi vituo vya soko vya mashambani. Mteja huja na mtungi wake, hujaziwa, na hulipa kulingana na lita alizochukua. Bei yake huwa nafuu kuliko ya chupa zilizofungwa kiwandani. Jijini Nairobi, mwaka wa 2015, mashine za umma za aina hii ziliwekwa katika mtaa wa Mathare, na mkazi mwenye kadi aliweza kupata lita 20 kwa senti 50. Hilo ni jambo jema, hasa kwa watu wenye mapato madogo.

Hata hivyo, sisi madaktari hukutana mara kwa mara na jambo linaloshangaza. Mama humleta mtoto anayehara, na hii huwa si mara ya kwanza. Akiulizwa kuhusu maji, hujibu, "Daktari, sisi hatunywi maji ya mto. Tunanunua." Mama huyo hasemi uongo. Basi ugonjwa umetoka wapi?

Mashine husafishaje maji?

Kwa kawaida maji hupita kwanza katika chujio linalozuia mchanga na matope. Kisha hupita katika makaa maalumu yanayoondoa harufu na ladha mbaya. Baadaye husukumwa katika utando wenye vitundu vidogo mno, ambavyo viini vya magonjwa na hata sehemu kubwa ya chumvi haviwezi kupenya. Mwishowe humulikwa na taa yenye miale isiyoonekana kwa macho, ambayo huua viini vilivyosalia. Mashine ikitunzwa vizuri na vichujio kubadilishwa kwa wakati, maji yanayotoka bombani huwa salama.

Lakini kuna jambo ambalo wateja wengi hawalijui. Taa hiyo huua viini vilivyo mbele yake tu. Haiachi dawa yoyote ndani ya maji. Maji ya bomba yaliyotiwa klorini ni tofauti, kwa sababu klorini kidogo hubaki ndani na kuendelea kuyalinda. Shirika la Afya Duniani hushauri kwamba maji yaliyotiwa dawa yamfikie mtumiaji yakiwa bado na angalau miligramu 0.2 za klorini katika kila lita. Kwa kawaida maji ya kituo cha kujazia hayana mlinzi huyo. Yakiingia katika mtungi mchafu, huchafuka hapo hapo.

Uchafu huingia njiani

Mwaka wa 2011, mwanauchumi Michael Kremer na wenzake walichapisha utafiti waliofanya eneo la Busia kuhusu chemchemi zilizojengewa saruji na kuwekewa bomba. Waligundua kwamba uchafu wa kinyesi katika maji ya chemchemi hizo ulipungua kwa asilimia 66. Lakini maji yaliyohifadhiwa majumbani yalipopimwa, upungufu ulikuwa asilimia 24 tu. Sehemu kubwa ya faida ilipotea kati ya chemchemi na kikombe. Kwa sababu hiyo, mapipa ya klorini yaliwekwa kando ya chemchemi na visima vingi magharibi mwa Kenya, ili mtekaji atie dawa ndani ya mtungi wake kabla ya kuondoka.

Chukua mtungi wako sasa hivi, uingize kidole mdomoni mwake na upapase upande wa ndani. Ukihisi utelezi, jua kwamba huo ni utando wa bakteria waliojijengea makao. Kusuuza kwa maji matupu hakuutoi. Ongeza hapo vumbi la barabarani, mtungi usio na kifuniko, kikombe kinachochovywa na kila mtu, na mkono wa mtoto aliyetoka chooni bila kunawa. Sasa unaelewa jinsi familia inavyoweza kulipia maji safi na bado ipatwe na kuhara, homa ya matumbo au kipindupindu.

Ufanye nini?

Kwanza, chunguza kituo chenyewe. Uliza kama kimeidhinishwa na Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa, KEBS, na kama afisa wa afya ya umma hukikagua. Uliza pia vichujio vilibadilishwa lini. Mwenye kituo mwaminifu hatakasirika. Ukiona sakafu chafu, au mhudumu akishika mdomo wa bomba kwa mikono isiyonawiwa, nenda kwingine.

Pili, tenga mtungi wa maji ya kunywa peke yake. Usitumie kamwe mtungi uliowahi kutiwa mafuta ya taa, dawa ya kuogeshea ng'ombe au dawa ya kunyunyizia mimea, hata ukiuosha mara kumi. Mtungi wenye mdomo mwembamba na kifuniko ni bora, na wenye bomba ni bora zaidi.

Tatu, usafishe mtungi huo kila wiki kwa sabuni na brashi. Kama brashi haifiki ndani, tia vijiwe safi na maji ya sabuni, utikise kwa nguvu, kisha usuuze kwa maji safi.

Nne, nyumbani mimina maji au yafungulie bombani. Usichovye kikombe. Ukihofia kwamba maji yamechafuka, yachemshe hadi yatokote, au tia dawa ya klorini inayouzwa madukani kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, ungoje dakika 30 kabla ya kunywa.

Tano, pima matumizi yako. Mtu mzima huhitaji takriban lita mbili za kunywa kwa siku. Huna haja ya kununua maji ya kufulia au kupigia deki. Ya mvua kutoka paa la mabati au ya chemchemi yatatosha. Lakini matunda na mboga zinazoliwa mbichi zioshwe kwa maji ya kunywa.

Mtoto aliye chini ya miezi sita asipewe maji kabisa, hata yaliyo safi. Maziwa ya mama yana maji yote anayohitaji.

Mtoto akianza kuhara

Mpe maji ya pakiti ya ORS, yaliyochanganywa kwa kipimo kilichoandikwa, kidogo kidogo kila mara. Endelea kumnyonyesha na kumlisha. Mpeleke kituo cha afya apewe pia tembe za zinki, ambazo hutumiwa kwa siku 10 hadi 14 hata kama kuhara kumekoma. Usikawie hata saa moja ukiona macho yamebonyea, anashindwa kunywa, anatapika kila kitu, amelegea au ana damu katika choo. Kinachomuua mtoto mara nyingi ni kuishiwa maji mwilini, na hilo laweza kutokea kwa muda wa saa chache.

Kwa hivyo, msomaji, endelea kununua maji ikiwa uwezo unao. Lakini kabla ya kwenda kujaza tena, nunua kipande cha sabuni na brashi. Gharama yake ni ndogo, na bila hivyo fedha unazolipa kituoni huenda zikawa za bure.