Kina Jones wa Wales na Rekodi Zao

Tarehe 3 Novemba 2006, watu 1,224 walijaa katika ukumbi wa Wales Millennium Centre mjini Cardiff, na wote waliitwa Jones. Wakaweka rekodi ya dunia ya watu wengi zaidi wa jina moja la ukoo kukusanyika mahali pamoja, wakiwapita mbali kina Norberg 583 wa Sweden. Rekodi hiyo haikutimiza mwaka. Septemba 2007 kina Gallagher 1,488 walikutana Letterkenny, Ireland, wakaivunja. Lakini kujaza ukumbi ni kazi ya umati. Mimi navutiwa zaidi na kina Jones waliofika kileleni mmoja mmoja, wakitoka katika nchi ambayo jina lao ndilo la kawaida kuliko yote.

Wingi huo una historia. Zamani mtu wa Wales aliitwa kwa jina lake na la baba yake, akiunganisha na neno "ap", kama sisi wa pwani tunavyosema Juma bin Saidi. Jina lilibadilika kila kizazi. Sheria za mwaka 1536 na 1542 zilipoiunganisha Wales na Uingereza, mtindo wa Kiingereza wa jina la ukoo lisilobadilika ulienea polepole, na kwa kuwa akina John walikuwa tele, watoto wao wakabaki na jina la Jones daima. Vijijini ikabidi watu watofautishwe kwa kazi zao: Jones wa Maziwa, Jones wa Posta. Jeshini walitofautishwa kwa namba. Katika mapigano ya Rorke's Drift kule Natal, Januari 1879, askari 716 Robert Jones na askari 593 William Jones walilinda mlango mmoja wa hospitali kwa singe huku wapiganaji Wazulu wakisukuma kuingia, na wakawatoa wagonjwa sita kati ya saba. Walipata Victoria Cross wote wawili. Mapigano yale yalizaa nishani hizo 11, na saba zilikwenda kwa Kikosi cha 24, idadi ambayo hakuna kikosi kingine kilichowahi kuipata katika pambano moja. Robert alizaliwa Monmouthshire. Wazulu waliokufa mlangoni pale hawakuandikiwa namba na mtu yeyote.

Kwa upande wa kalamu, kisiwa cha Anglesey kilimtoa William Jones, mtoto wa mkulima, ambaye mwaka 1706 alikuwa wa kwanza kuchapisha herufi π kwa maana inayofundishwa leo katika kila darasa la hesabu. Mwanawe, aliyeitwa William vilevile, akawa jaji Calcutta, na mwaka 1786 alieleza kwamba Kisanskriti, Kigiriki na Kilatini zina asili moja. Mchungaji Griffith Jones wa Llanddowror naye alianzisha shule za kuhamahama. Mwalimu alikaa kijijini miezi mitatu hivi, hasa majira ya baridi kazi za shamba zinapopungua, akafundisha watoto na watu wazima kusoma kwa lugha yao wenyewe, kisha akahamia kijiji kingine. Alipofariki mwaka 1761 shule zaidi ya 3,000 zilikuwa zimefunguliwa, na Wales ikawa miongoni mwa nchi za Ulaya zenye wasomaji wengi zaidi kwa idadi ya watu wake. Kwangu mimi, kati ya kina Jones wote, huyu ndiye aliyefanya jambo kubwa kuliko wote.

Matunda yake yalionekana kwa binti mmoja. Mwaka 1800 Mary Jones, mwenye umri wa miaka 15, alitembea peku maili zipatazo 26 kuvuka milima hadi mji wa Bala kununua Biblia ya Kiwelisi kwa fedha alizodunduliza miaka sita. Habari yake ilichangia kuundwa, mwaka 1804, kwa chama cha Biblia mjini London ambacho baadaye kilichapisha Biblia za Kiswahili zilizofika Unguja na Mombasa.

Maili 26 ni karibu urefu wa marathoni, na hapo ndipo jina Jones linapowahusu wapenzi wa riadha wa Afrika Mashariki. Mwaka 1983 Mkenya Joseph Nzau alishinda marathoni ya Chicago. Mwaka uliofuata akaja Steve Jones, mzaliwa wa Tredegar katika mabonde ya makaa ya mawe, fundi wa ndege katika Jeshi la Anga. Hakuwa amewahi kumaliza marathoni hata moja. Mbele yake walikuwepo Carlos Lopes, bingwa wa Olimpiki, na Rob de Castella aliyeshika rekodi ya dunia. Jones aliwaacha wote na kufika kwa saa 2:08:05, rekodi mpya ya dunia. Mwaka 1985 alirudi Chicago na kukimbia nusu ya kwanza kwa dakika 61 na sekunde 42, kasi iliyoonekana ya wazimu wakati ule. Alimaliza kwa 2:07:13. Lopes alikuwa ameweka 2:07:12 miezi michache kabla. Sekunde moja! Hata hivyo muda wa Jones ulibaki rekodi ya Uingereza kwa miaka zaidi ya 32, hadi Mo Farah alipoushusha London mwaka 2018. Huko huko Chicago, mwaka 2023, Mkenya Kelvin Kiptum alikimbia kwa 2:00:35.

Jade Jones wa Flint alikuwa na miaka 19 tu alipoipa Uingereza dhahabu yake ya kwanza ya taekwondo katika Olimpiki, London 2012, na akaitetea Rio. Mwimbaji Tom Jones wa Pontypridd alizaliwa Woodward, ila mama yake alikuwa wa ukoo wa Jones, kwa hiyo namhesabu. Mwaka 2021, akiwa na miaka 80, alikuwa mwanamume mzee kuliko wote kuwahi kushika namba moja Uingereza kwa albamu mpya.

Kwenye raga, Alun Wyn Jones wa Swansea aliiwakilisha Wales mara 158 na kikosi cha British and Irish Lions mara 12, jumla 170, mechi nyingi za kimataifa kuliko mchezaji yeyote kabla yake. Ya kwanza aliicheza Juni 2006 dhidi ya Argentina, mjini Puerto Madryn, Patagonia. Hapo ndipo meli Mimosa iliposhusha walowezi wa Wales mwaka 1865, waliohamasishwa na Michael D. Jones wa Bala ili lugha yao isife. Mji wenyewe ulipewa jina la shamba la Love Jones-Parry, na Trelew iliyo jirani inalo la Lewis Jones.